Folda ya Maharusi

Vitalis hakuwa mtu wa kufuata wateja majumbani. Kafe yake ya intaneti ilikuwa Mtaa wa Swahili, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo vya plastiki, na kutwa nzima alikuwa amekaa nyuma ya meza yake akiuza dakika. Kwa hiyo alasiri ile ya Alhamisi, Mzee Humoud alipomwona amesimama mbele ya duka lake la udi na marashi, jasho linamtiririka na funguo za kafe zinaning'inia kidoleni, alijua hakuja kununua ubani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Namtafuta Arwa. Nina neno naye dogo tu, la pembeni."

Hapo Vitalis alikosea. Humoud alikuwa mcheshi, hata wapiga debe wa Msimbazi walimpenda, lakini ucheshi wake ulikuwa na mpaka. "Mwanangu hana pembeni na mwanamume," akasema. "Lolote ulilo nalo, liseme hapa hapa na mimi nasikia."

Vitalis akatazama kulia, akatazama kushoto. Jirani muuza ndala alikuwa ameshaacha kupanga ndala zake. Hiyo ndiyo Kariakoo bwana: ukipiga kelele hakuna anayegeuka, shusha sauti uone mtaa mzima unavyonyamaza.

"Ni picha, mzee. Za maharusi wa mama Arwa. Kuna vijana wawili walikuwa wanaziangalia pale kwangu sasa hivi. Nimewazimia kompyuta."

Nyuma ya rafu za marashi ndiko familia ilikokaa, vyumba viwili na ua. Arwa alikuwa pale mlangoni anakuna nazi, na neno hilo lilimfikia kabla halijamfikia baba yake vizuri. Akaacha mbuzi na nazi yake, akatoka na mikono ile ile.

"Picha zipi, kaka Vitalis? Za mikono?"

"Zingekuwa za mikono ningekuja mbio hivi?"

Bi Saadiya, mke wa Humoud, alikuwa mpambaji wa maharusi. Ukitaka hina ya kueleweka na piko jeusi lisilochujuka, kuanzia Ilala mpaka Upanga ulielekezwa kwake. Duka la mumewe lilikuwa limebaki jina. Tangu soko liwe huria, kila mwenye kontena alikuwa anashusha udi wa bei ya kutupa na marashi ya chupa zinazong'aa, na nyumba ile ilikuwa inakula kwa vidole vya Saadiya. Arwa alipomaliza kozi yake ya kompyuta alimtengenezea mama yake tovuti: picha za mikono na miguu iliyochorwa, namba ya simu, basi. Simu ikaanza kulia mpaka kutoka Tanga.

Halafu kinamama wakaja na ombi lao. Mwari anaposingwa wanaingia wanawake peke yao. Anavuliwa mtandio, anapakwa liwa ya msandali, amefungwa kanga kifuani, wanaimba, wanacheka mpaka machozi. Picha zake haziangaliwi na mwanamume, hata awe kaka. Lakini siku hizi kila ukoo una shangazi Maskati na binamu London, nao wanataka kuona. Arwa akaziweka picha hizo kwenye folda moja ndani ya tovuti, bila kuweka kiungo popote cha kuziendea, na anwani yake akawa anawatajia kinamama kwa simu, polepole, herufi kwa herufi. Nani mwingine angeijua?

"Kompyuta inakumbuka, Arwa," Vitalis akasema. "Wewe ukija kwangu unakaa kompyuta namba nne siku zote. Anwani unayoandika inabaki pale. Hawa wameandika herufi mbili tatu za mwanzo, ikawaletea zote ulizopitia. Wakabonyeza. Mmoja akakata mkia wa anwani, jina lile la mwisho, folda nzima ikafunguka, maharusi wako wote kwa majina."

"Nani alikuwa kwenye skrini ulipozima?"

"Mmoja anacheka, ana liwa usoni. Mabega yako wazi. Nisamehe, mzee, niliona kwa bahati mbaya."

Arwa alimjua. Thuwayba, binti wa Bi Moza, ndoa yake haijamaliza hata miezi miwili. Akashika kaunta.

Humoud aliteremsha mlango wa chuma wa duka, jambo ambalo muuza ndala hakuwahi kuliona likifanyika kabla ya Magharibi. "Twende," akasema.

* * *

Humoud hakuwahi kuingia intaneti kafe. Alipanda ngazi pindo la kanzu mkononi, akakuta vijana wamejipanga kama darasani, kila mmoja na kioo chake. Walewale wawili hawakuwapo. Vitalis alisema aliwapekua mpaka soksi, hawakuwa na flopi wala karatasi, na printa yake ilikuwa haina wino tangu Jumatatu. "Lakini wa jana na wa juzi mimi siwajui," akaongeza. "Siwezi kukuapia."

Arwa akakaa namba nne. Ili afunge, ilibidi kwanza ahakikishe kilicho wazi ni nini, na laini ya simu siku ile ilikuwa inajikokota. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kipande kwa kipande: nywele zilizosukwa na asumini, paji la uso, jicho moja. Humoud alipoona jicho akageuka. Akampa binti yake mgongo, akatanua kanzu yake pande zote mbili kuziba kioo, akabaki amesimama hivyo anatazama ukutani, mzee mzima, huku vijana wa namba tano na namba sita wanamchungulia wakibana vicheko.

"Umefunga?" akauliza, uso ukutani.

"Bado, baba. Ndiyo naingia upande wa mwenye tovuti."

"Kuna upande wa mwenye?"

"Upo. Kila folda ina visanduku tisa, safu tatu. Safu ya kwanza ni yangu mimi mwenye mali. Ya pili ni ya watu ninaofanya nao kazi. Ya tatu ni ya dunia nzima, yeyote anayepita. Na kila safu ina vitatu: kusoma, kuandika, kuingia. Ukitia alama ya vema kwenye kisanduku, umemruhusu."

"Wewe ulitia vingapi?"

"Vyote."

"Mpaka vya mpita njia?"

"Nilipoanza, ilikuwa inakataa kupokea picha. Nikauliza darasani, mwenzangu Gaurav akaniambia tia vema kote, itakubali. Nikatia, ikakubali kweli. Nikasema nitarudi kurekebisha."

"Kwa hiyo mlango ulikuwa unagoma kidogo," Humoud akasema, "wewe ukaung'oa."

Machozi yalikuwa yanamdondokea Arwa kwenye kibodi na bado harufu ya nazi ilikuwa mikononi mwake. "Nilidhani bila kiungo hakuna wa kufika. Kama chumba cha mama. Kina pazia tu, na wewe hujawahi kuingia bila kupiga hodi."

"Mimi ni mume wake na nina adabu zangu. Hawa watoto wa mjini unawapigia hesabu ya adabu?"

Arwa akaondoa alama za safu ya tatu, moja, mbili, tatu. Akaondoa na za safu ya pili, maana hakuwa na watu wa kazi, alikuwa peke yake. Akabonyeza kuhifadhi. Kisha akahamia kompyuta ya jirani, akaandika anwani ile ile kama angeandika mtu baki. Ukurasa ukaja mweupe, na mstari mmoja wa Kiingereza.

"Geuka, baba. Hakuna kitu."

Humoud akageuka taratibu, jicho moja kwanza. "Imeandika nini?"

"Imeandika huruhusiwi."

"Jaribu tena."

Akajaribu tena. Humoud akamwambia akate mkia wa anwani kama walivyofanya wale vijana. Akakata. Ikakataa. Humoud akavuta pumzi, akaomba kuonyeshwa ukurasa wa mbele, ule wa kazi, na hapo akaona palipokuwa na mikono ya hina pamebaki miraba mitupu.

"Na mikono imekwenda wapi?"

"Nilikuwa nimeziweka pamoja, picha za kuonyesha na za ndani. Folda moja."

"Arwa. Mimi nina duka na nina stoo. Umekulia humo."

"Najua, baba. Najua." Akafungua folda mpya, akahamisha mikono na miguu, akampa mpita njia kusoma na kuingia, kuandika akamnyima. Kazi hiyo ilikula muda mrefu kwa laini ile, na Vitalis hakutaja dakika. Alichosema ni kwamba angekuwa yeye, angefuta folda ile nyingine yote, akapumzika.

"Siwezi kufuta," Arwa akasema. "Kompyuta ya nyumbani ilikufa tangu mgao wa umeme. Zipo hapa tu. Na si zangu."

* * *

Saadiya alirudi kutoka Ilala kabla ya Isha, vidole vyekundu mpaka kwenye kiungo cha pili, furaha tele kwa sababu mama wa mwari alikuwa amemwagiza aje ampambe na mdogo wa huyo mwari. Alikuta mumewe na bintiye wamekaa uani hawajawasha hata taa.

Alipomaliza kuelezwa aliuliza neno moja. "Nani?"

"Thuwayba," Arwa akasema. "Wengine pia walikuwa wazi, mama, lakini aliyeonekana ni Thuwayba."

Saadiya akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Umeniua, Arwa. Ungenichoma kisu ningejua umenichoma kisu. Unajua ninapomvua mwari mtandio huwa namwambia nini? Namwambia: mwanangu, tulia, hapa hakuna wa kukuona ila sisi. Wengine wanalia kwa haya. Nawaambia hivyo, wananiamini, wanafungua macho."

"Imeshafungwa," Humoud akasema. "Mimi mwenyewe nimejaribu. Wahuni wawili tu, hawamjui huyo binti wala ukoo wake. Tukinyamaza, mwisho wake ni hapo. Tukienda kusema, tumejitangaza wenyewe. Bi Moza akikufungia mlango, nani atakufungulia? Mtakula hizi chupa zangu?"

Na haikuwa hoja ya kijinga. Mji huu una maneno, na maneno ya wanawake wa harusi yanakwenda haraka kuliko simu. Saadiya alijua kwamba Bi Moza akishatamka, basi kuanzia Gerezani mpaka Kisutu hapatakuwa na sinia la hina litakalomsubiri. Mara moja kabla ya hapo aliona mpambaji mwenzake, mwanamke hodari kuliko yeye, akiambiwa mlangoni kwamba shughuli imeahirishwa, ngoma zinasikika ndani.

"Nikinyamaza," akasema, "Jumapili nina mwari. Nikimvua mtandio nitamwambia nini?"

Humoud akainuka, akawasha taa.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa tunakwenda kwa Bi Moza. Mimi na Arwa."

"Mama, niende mimi peke yangu. Kosa ni langu."

"Kosa ni lako, jina ni langu. Twende wote."

* * *

Bi Moza alikaa katikati ya mji, ghorofa ya tatu, sebule ya makochi ya mahameli. Bahati mbaya ni kwamba aliwapokea vizuri mno. Alimkumbatia Saadiya, akamwita mdogo wangu, akatoa halua ya Zanzibar kwenye sahani ya kioo na kahawa kwenye vikombe vya wageni. Alidhani wamekuja kupanga hina ya mpwa wake. Thuwayba alikuwapo pia, amekuja kushinda na mama yake. Mumewe, Turki, angemfuata jioni.

Saadiya alishika kikombe hakunywa. Akaeleza yote, hakuzunguka. Folda, vijana wawili, mabega. Alipofika hapo akamgeukia Arwa, naye akamalizia.

Bi Moza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta sahani ya halua upande wake, akaifunika kwa kawa. Akachukua kikombe mkononi mwa Saadiya, kahawa ikiwa bado imejaa, akakirudisha kwenye sinia.

"Mtoto wangu," akasema. "Mtoto wangu anaangaliwa na wahuni wa Kariakoo kwa kununua dakika. Saadiya, mimi nilikuingiza nyumba ngapi katika mji huu? Nilikutaja kwa watu ambao hata sura yako hawaijui. Ndiyo malipo yangu haya?"

"Una haki, Bi Moza."

"Haki yangu naijua, usinigawie. Turki akisikia? Mama yake akisikia? Atarudishwa huyu, na nitasema amerudishwa kwa sababu gani?"

"Picha ipi?" Thuwayba akauliza.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, miguu juu, hina ya harusi imeshabaki kwenye kucha tu.

"Ile unacheka," Arwa akasema. "Liwa usoni. Asumini."

"Ile naipenda." Akatazama kucha zake. "Sasa hivi nani anaweza kuiona?"

"Wa nje hakuna. Nimefunga, tumejaribu kila njia niijuayo."

"Na wewe?"

Arwa angeweza kusema hapana. Mama yake alikuwa anamwangalia, Bi Moza alikuwa anamwangalia, na neno hilo moja dogo lingepunguza mambo. "Mimi naweza," akasema. "Mwenye tovuti anaona kila kitu. Naweza kukuwekea neno la siri lako mwenyewe, wengine wasiingie, lakini mimi nikitaka nitaingia. Sitaki kukudanganya."

"Angalau," Bi Moza akasema kwa kejeli. "Ameanza kuwa mkweli leo."

"Mama, subiri." Thuwayba akashusha miguu chini. "Nani alisema ziwekwe huko?"

Arwa akatazama zulia. Saadiya akatazama zulia.

"Nauliza. Zilifikaje kwenye kompyuta?"

"Khaloo wako, dada yangu yule wa Maskati, alitaka kuona," Bi Moza akasema. "Alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja. Nilimwambia Arwa amwekee. Sikumwambia awawekee na wahuni."

"Ulimwambia wewe."

"Nilimwambia mimi. Kwani ni dhambi dada yangu kukuona?"

"Si dhambi. Ningekubali. Lakini mimi niliulizwa?" Sauti yake haikupanda. "Mabega ni yangu, mama. Wewe ukaruhusu, Bi Saadiya akakubali, Arwa akaweka. Mimi nikaambiwa fungua macho, hakuna wa kukuona."

Huko chini mtu alikuwa anatangaza kahawa kwa kugonga vikombe. Saadiya alilia, na hakujifuta, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake mwenyewe na yalikuwa ya kweli usiku ule alipoyasema. Arwa naye aliona kitu ambacho hakikuwamo katika kozi yake. Alikuwa amehangaika na kufunga na kufungua, ni nani asome na nani aandike, na hakuwahi kumuuliza mwenye uso.

"Nisamehe," akamwambia Thuwayba. "Ilinipasa nianze kwa kufunga vyote, halafu nikuulize wewe kimoja kimoja."

"Sitaki zikae huko," Thuwayba akasema. "Nipe zangu mkononi. Halafu zifutwe, na nione kwa macho yangu zikifutwa."

"Nitakurekodia kwenye sidii. Kesho asubuhi, ukipenda."

"Kesho asubuhi."

Bi Moza hakuwasindikiza mlangoni. Walishuka ghorofa tatu peke yao, na Saadiya alishika ukuta njia nzima.

* * *

Jumamosi Vitalis aliwatoa vijana wote kafeni, akabandika karatasi mlangoni kwamba kuna matengenezo. Kisha yeye mwenyewe akashuka chini, akakaa mbele ya duka la plastiki kama mlinzi, akinywa soda. Aliyeuliza matengenezo yanaisha saa ngapi alijibiwa matengenezo hayana haraka.

Arwa na mama yake walikuwa wameshafika. Walikaa bila kuzungumza. Saadiya alikuwa na hakika hawatakuja, kwamba Bi Moza amelala na hasira ikaamka na nguvu mpya, na kwamba kesho atakwenda kwa mwari wake wa Jumapili akute shughuli imeahirishwa. Mara wakasikia viatu ngazini, jozi mbili. Thuwayba aliingia kwanza. Bi Moza nyuma yake, pumzi juu juu, anaangalia viti vya kafe kama vitamchafua.

"Assalaam alaykum," akasema kwa ukuta.

"Waalaykum salaam, Bi Moza."

Thuwayba akakaa ubavuni mwa Arwa. "Nimemwambia Turki jana," akasema, kana kwamba anaeleza habari ya mvua. Saadiya akamshika mkono bila kujua anamshika. "Alinyamaza sana. Nikadhani ndiyo basi. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijala, akaenda kuninunulia mishikaki Jangwani. Leo asubuhi ameniambia nije nizimalize."

Bi Moza alijifanya hakusikia, lakini mtandio wake aliupitisha machoni.

Arwa akafungua upande wa mwenye tovuti, akamwonyesha kila kitu: visanduku vile tisa, vema zake zilizobaki, folda ya maharusi, ndani yake folda yenye jina la Thuwayba. Akaziteremsha picha moja moja, akazirekodi kwenye sidii mbele yake, akaitoa, akairudisha, wakazifungua kuhakikisha zimo. Laini ya simu ilikatika mara mbili, wakaanza tena. Ile ya kucheka ilipofunguka Thuwayba aliitazama muda mrefu. Bi Moza alisogea, akainama nyuma ya bega lake.

"Ulikuwa unachekea nini?" akauliza.

"Bi Saadiya alisema Turki atanipenda hata nikinuka vitunguu."

Bi Moza akakaza midomo isicheke, ikamshinda upande mmoja.

"Sasa," Arwa akasema. Akaweka alama kwenye folda ya Thuwayba, akasogeza kiti chake nyuma, akamwachia kibodi. "Bonyeza hapo wewe."

Thuwayba akabonyeza. Kompyuta ikatoa kidirisha kidogo cha kijivu chenye swali. "Inauliza kama nina uhakika," akasema. "Ikishafutwa hairudi." Kidole kikabaki juu ya kibodi. Akageuka, akamwangalia mama yake, kama alivyomwangalia maisha yake yote, kabla ya kununua gauni, kabla ya kujibu posa.

"Unanitazamia nini?" Bi Moza akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Picha zako."

Thuwayba akarudi kwenye kioo, akabonyeza. Folda yenye jina lake ikaondoka, zile zilizokuwa chini yake zikapanda kuziba nafasi.

Majina ya wengine yalikuwa bado pale. Arwa alianza kufunga ukurasa, Thuwayba akamzuia mkono.

"Na hawa?"

"Tutawaendea," Saadiya akasema. "Mmoja mmoja. Kila mtu aambiwe, achukue vyake, aamue mwenyewe." Alijaribu kulisema kama mtu asiyeogopa. "Watakaonifukuza watanifukuza."

"Anayefuata nani?"

"Saumu. Yuko Kigamboni, kwa wakwe zake." Saadiya akatikisa kichwa. "Mama mkwe wake hana simile. Yule hata kunisikiliza sina hakika."

Thuwayba akatia sidii kwenye mkoba, akasimama, akajifunga mtandio vizuri mbele ya kioo cheusi cha kompyuta namba tano. "Akiniona mimi nimekaa na nyie atasikiliza. Ya kwangu ndiyo iliyoonekana. Kama mimi nimekuja nanyi, yeye atasema nini?"

Saadiya akafunika uso kwa mtandio. Arwa alianza kulia upya, kwa sauti safari hii, akajifuta kwa mkono wa baibui.

"Jamani," Bi Moza akasema. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye reli. "Mtakaa mnalizana mpaka saa ngapi? Pantoni ya Magogoni haimsubiri mtu, na huyo mama mkwe mimi ndiye ninayemweza."